Utrecht ya Mlimani

Kosa lilianzia kwa nguruwe. Ognjen Pantović hakumlaumu mtu kwa yaliyompata majira yale ya baridi, maana kila alipotafuta wa kumlaumu alijikuta amesimama mbele ya kioo. Lakini nguruwe naye alichangia.

Mwanzoni mwa Novemba, Ognjen, mwandishi wa programu za kompyuta mwenye miaka thelathini na moja, ambaye bado alikuwa analala kwenye chumba chake cha utotoni pale Trstenik, mji wetu mdogo wa Serbia, alipata barua pepe kutoka kampuni moja ya Utrecht, Uholanzi. Ilisema wamemwajiri, na kwamba kampuni, ikiwa mdhamini wake, imeanza kumwombea viza na kibali cha kazi. Imeanza. Neno hilo aliliona, akalisoma mara mbili, akalielewa vizuri kabisa. Kisha akashuka ngazi na kuwaambia wazazi wake, "Naenda Uholanzi."

Mama yake, Stamenka, alilia kidogo, akajifuta kwa aproni, halafu akaitazama kalenda ya kanisa iliyoning'inia jikoni. Mfungo wa Krismasi ulikuwa unaanza tarehe ishirini na nane. Kuanzia hapo hakuna nyama hadi Januari.

"Tutakuaga Jumamosi kabla ya mfungo," akasema.

"Mama, viza haijatoka."

"Itatoka tu. Au unataka watu wakuage kwa maharage? Binti wa Radunka alipokwenda Austria waliagana kwa samaki. Samaki, Ognjen! Mpaka leo watu wanacheka."

Ni kweli tulikuwa bado tunacheka. Sisi watu wa Trstenik tunaweza kumsamehe mtu aliyetoroka na mke wa jirani, lakini sherehe ya kuaga isiyo na nguruwe hatuisahau. Ognjen alilijua hilo. Alijua pia kwamba idara ya uhamiaji ya Uholanzi haifuati kalenda ya kanisa letu. Akayapima yote mawili, na kwa akili zake za chuo kikuu akaona hoja ya nguruwe ina uzito zaidi.

Basi akachinjwa nguruwe, likasimamishwa turubai uani, akaitwa mpiga akodioni. Wakaja watu themanini. Walileta soksi za kufuma, malapa ya sufu, na mitungi ya achari ya pilipili ya kumtosha mtu hadi uzeeni. Usiku haujaingia, baba yake akasimama na glasi mkononi.

Hapo lazima niwaeleze baba huyo, Milojko Pantović, ni mtu gani. Alifanya kazi kiwandani miaka thelathini na sita, na katika miaka hiyo hakuomba ruhusa hata ya mafua. Hakuwahi kuazima kitu kwa jirani. Akihitaji ngazi, alitengeneza ngazi. Kuzungumza mbele ya watu ndiyo kabisa, hata harusini kwake kasisi ilibidi amwulize mara mbili. Sasa alisimama, masikio yamemwiva, akasema, "Mwanangu ameitwa na Waholanzi." Akakaa. Watu wakapiga makofi mpaka turubai likatikisika, na Ognjen akamwona baba yake akitabasamu chini ya masharubu kwa namna ambayo hakuwahi kuiona. Alifurahi mno, na papo hapo akaogopa. Ikiwa safari hii itaharibika, alijiambia, nitakuwa nimemvua nguo mzee huyu mbele ya watu themanini.

Kesho yake asubuhi akaondoka kwa basi la Belgrade. Mpango ulikuwa asubirie viza kwa rafiki yake siku mbili tatu, maana huwezi kuagwa Jumamosi halafu Jumatatu ukaonekana duka la mikate. Mama alimwaga ndoo ya maji nyuma yake pale langoni. Kwetu anayesafiri humwagiwa maji ili safari iteleze, na akishamwagiwa hageuki nyuma. Ognjen hakugeuka. Safari ikateleza vizuri hadi kituo cha mafuta cha Pojate, mwendo wa saa moja, ambapo basi lilisimama watu wakanywe kahawa, naye akafungua barua pepe.

Iliandikwa na Annelies, mama wa ajira pale Utrecht, kwa upole sana. Usajili wa kampuni kama mdhamini wa wageni ulikuwa unakaguliwa upya. Maombi yote yamesimama. Huenda wiki nane, huenda zaidi. Mshahara utaendelea kama kawaida, na kwa sasa, aliandika Annelies, "fanya kazi ukiwa nyumbani."

Nyumbani! Ognjen alisoma neno hilo akahisi maji ya ile ndoo yakimshuka mgongoni. Rafiki wa Belgrade alikuwa na mapacha wachanga. Siku tatu angemvumilia, wiki nane asingeweza. Akampigia Vidoje, mume wa dada yake.

"Shemeji, uko wapi?"

"Trstenik. Ningekuwa wapi? Wewe ndo uko Uholanzi."

"Niko Pojate. Kituo cha mafuta."

"Hiyo si Uholanzi."

"Najua kwamba si Uholanzi, Vidoje!"

"Sasa unanifokea nini? Mi ndo nimekupeleka huko?"

Ognjen akamweleza yote. Vidoje akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akalazimika kukaa, kisha akamwambia, "Rudi tu kwa baba, bwana. Watu watacheka wiki mbili, watachoka."

"Binti wa Radunka wanamcheka mwaka wa sita."

"Aa, sasa yule aliagwa kwa samaki."

"Vidoje, baba amehutubia. Umemsikia mwenyewe. Siwezi kurudi."

Vidoje hakucheka tena. Jioni ile alimchukua Pojate kwa gari lake la kubebea matofali, akamlaza nyuma chini ya turubai lile lile la sherehe, ambalo lilikuwa bado linanuka mafuta ya nguruwe, akampandisha kwenye kibanda cha marehemu babu, kwenye shamba la mizabibu juu ya mlima. Kutoka kibandani hadi kwa wazazi wake ni kilomita nne kwa miguu. Kwa macho hata moja haifiki.

Ndivyo Ognjen alivyohamia Utrecht. Utrecht yake ilikuwa na kitanda kimoja, jiko la kuni, pipa la divai, na misumari ya kutundikia mashada ya pilipili kavu. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko wa mjini, kwa kuwa mnara wa simu ulisimama nyuma ya kibanda kabisa. Aliapiana na Vidoje kwamba siri isimfikie mtu, hata dada mtu. Mchana aliandika programu za kufuatilia makasha ghalani, ili mwenye ghala aliyeko mbali ajue kila kasha liko wapi muda wote. Hii ndiyo iliyokuwa kazi yake. Na mtu mwenye kazi hiyo aliwasha moto kila asubuhi, kwenye kibanda ambacho hakikukaliwa miaka tisa, bila kuwaza hata siku moja kwamba moshi huonekana.

Kila saa kumi na mbili jioni alipiga simu nyumbani kwa video. Mama alitaka kuona mifereji. Vidoje akaomba bango kwa binamu yake mwenye wakala wa safari, na wakala alikuwa na bango moja tu lenye mfereji, la Venice. Wakalikata juu, wakalikata chini, lakini ule mtumbwi mwembamba wenye mwanamume wa kofia pana ulikuwa katikati, hauondoki. Ognjen akaamua kuuficha kwa kichwa chake. Kwa wiki saba alizungumza na mama yake bila kugeuza shingo.

"Mbona umekakamaa hivyo, mwanangu? Shingo inauma?"

"Baridi ya huku, mama. Ya bahari."

"Maskini. Na unakula nini?"

"Jibini. Samaki."

"Samaki," mama akarudia, kama anayesikia habari ya msiba.

Baba hakuwa na maneno. Mwisho wa simu alichungulia pembeni ya skrini, nusu uso, akauliza swali lake moja: "Joto lipo?" Ognjen akajibu kwamba lipo, baba, hapa nyumba zote zina mabomba ya maji moto. Kabla ya kila simu alitazama hali ya hewa ya Utrecht, asije akaumbuka. Baba akaitika, "Haya," simu ikakatika.

Kwa wenzake wa kazini bango liliteremshwa, maana Waholanzi wanaijua mifereji yao. Siku moja alisahau. Annelies akatazama, akatabasamu kwa adabu.

"Uko likizo Venice?"

"Hapana, niko nyumbani," akajibu Ognjen, na alipokwisha kusema akawaza kwamba kati ya uongo wake wote huo ndio uliokuwa karibu na ukweli, na bado ulikuwa uongo.

Kwa chakula alikuwa hajambo. Vidoje alileta sufuria kila baada ya siku mbili: maharage ya kuoka yenye vitunguu, kabichi chachu, mkate wa malenge, vyote vya mfungo. Alisema anapika mwenyewe. Vidoje huyu, ambaye siku dada alipokuwa hospitali kujifungua aliunguza maji, sasa alikuwa anaoka maharage kama yanavyookwa peponi. Ognjen aliyala, akalamba sufuria, akamwambia, "Shemeji, una kipaji, hukukijua tu." Vidoje akatazama pembeni akasema asante. Na kila Jumamosi, Ognjen alipokuwa bado usingizini, zilikuwepo kuni mlangoni, zimepasuliwa ndogo ndogo na kupangwa sawasawa. Kwa hizo pia alimshukuru Vidoje, naye Vidoje akashukuru kushukuriwa.

Ikafika Krismasi yetu ya Kiorthodoksi, tarehe saba Januari. Kengele zilipanda mlimani tangu alfajiri. Ognjen alisimama dirishani akatazama moshi wa kwao, akajua saa hiyo mama anatoa mkate wa sikukuu na baba anatafuta kisu ambacho yuko nacho mkononi. Alipopiga simu, mama akamwonyesha meza. Sahani yake ilikuwa mahali pake, na uma na kisu.

"Tumekuwekea. Najua hutakuja, ila meza isiwe na pengo."

"Mimi nakula na marafiki leo, mama. Waholanzi. Wamenialika."

"Vizuri, mwanangu. Usiende mikono mitupu."

Simu ilipokatika, Ognjen akakaa kwenye pipa akalia. Alijionea huruma, kisha akajionea aibu kwa kujionea huruma. Wenzake walikuwa wanaupata upweke Uholanzi, kwa viza halali. Yeye alikuwa anaupata hapo hapo nyumbani, bila hata muhuri.

Wiki moja baadaye Annelies aliandika tena. Udhamini umepita! Kampuni imerudishwa kwenye orodha, kibali chake kitatoka haraka, wanahitaji kitu kimoja kabla ya Ijumaa: cheti cha kuzaliwa kisichozidi miezi sita, chenye muhuri wa mahakama ya mji wake. Hilo la miezi sita halikumshangaza. Hata ofisi zetu hutaka hivyo, kana kwamba Mserbia huzaliwa upya kila majira. Kilichomtoa jasho ni mahali pa kukipata. Masijala ya Trstenik ina dirisha moja, na nyuma ya dirisha hilo amekaa Radunka. Ndiyo, yule yule wa samaki.

Jumatano akateremka kwa miguu. Alivaa kofia ya Vidoje ya kazini, skafu hadi puani, na miwani ya jua, katika theluji. Akapita duka la mikate. Mwoka mikate, aliyekula sahani tatu siku ile ya kuaga, alikuwa mlangoni anavuta sigara. Alipomwona tu akageuka akaanza kuukagua ukuta wa duka lake. Mbele kidogo, mpeleka barua akainama kufunga kamba za viatu, wakati alikuwa amevaa buti za mpira. Bibi wawili waliokuwa wanagombania njia kwenye theluji wakanyamaza, wakatazama juu mbinguni hadi alipopita. Ognjen akajipongeza moyoni. Hakujua kumbe ana kipaji cha kujibadilisha.

Akafika dirishani.

"Jina?" akauliza Radunka bila kuinua macho.

Hilo hakuwa amelipangia. Akakohoa. Akafikiri. "Ognjen Pantović," akasema hatimaye, kwa sauti nene.

"Ognjen Pantović yupo Uholanzi."

"Nimekuja... kwa siku moja."

Radunka akaweka kalamu chini. "Vua hiyo miwani, mwanangu, utajigonga na mlango. Cheti alishakichukua baba yako Jumatatu. Na mahakamani ameshapita, muhuri umegongwa."

"Baba? Baba gani?"

"Una wangapi? Milojko."

Ognjen akavua miwani. Radunka akatazama kama kuna mtu nyuma yake kwenye foleni, akasogea karibu na kioo.

"Ile kampuni yenu ilileta barua ya karatasi nyumbani kwenu, ile wiki ya kwanza tu baada ya kuagwa kwako. Imeeleza kwamba mambo yamesimama, na karatasi zitakazotakiwa yakifunguka. Baba yako akampelekea mwalimu wa Kiingereza amsomee. Na moshi wako alikuwa ameshauona tangu siku ya kwanza. Wote tuliuona. Sasa sikiliza. Jioni moja nikasikia hodi. Nafungua, Milojko, kofia mkononi. Mimi jirani yake miaka arobaini, hajawahi kuniomba hata chumvi. Akasema, 'Radunka, nina ombi. Ukimwona mwanangu, usimwone.' Basi. Akageuka akaenda kwa jirani wa pili. Alipita nyumba zote zilizokuwa kwenye ile sherehe. Siku nne alikuwa anapiga hodi."

"Kofia mkononi?"

"Mkononi. Na theluji ilikuwa inamwangukia kichwani." Radunka akafuta macho kwa kidole kimoja, haraka. "Na binti yangu alipoagwa kwa samaki, mama yako ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwambie nimesema. Lakini kwa Milojko nimefunga mdomo, na wewe unajua mdomo wangu."

Ognjen aliujua. Mji mzima ulikuwa unaujua. Akatoka nje akipitia njia ile ile, kofia mkononi, skafu shingoni, na mwoka mikate akageukia tena ukuta wake kwa uaminifu, na bibi wale wakaitazama mbingu. Ognjen alipanda mlima karibu anakimbia. Wiki saba alikuwa amejifungia kibandani ili baba yake asifedheheke mbele ya watu. Na muda wote huo mzee alikuwa ameshakwenda kwa watu hao, mmoja mmoja, akaitoa heshima yake yote mlangoni kwao, ili mtoto asifedheheke mbele ya baba. Ognjen aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu chenye joto ambacho kilimwumiza zaidi.

Milojko alikuwa nyuma ya kibanda na shoka. Haikuwa Jumamosi. Bahasha ya cheti ilikuwa mezani ndani, imekandamizwa kwa mtungi wa achari isipeperuke. Alipomwona mwanawe hakushtuka. Akapasua gogo alilokuwa ameliweka, akasimamisha jingine.

"Umetoka," akasema.

"Nilikwenda masijala."

"Radunka kasema?"

"Kasema."

Baba akatikisa kichwa. "Wiki saba. Kwa Radunka ni nyingi."

"Mama anajua?"

"We! Hayo maharage ulidhani anapika nani? Vidoje?"

Ndivyo Ognjen alivyodhani.

"Na ule mtumbwi wa Venice ameuona siku ya kwanza," baba akaendelea. "Una kichwa kidogo, umefuata kwao. Akasema tusikwambie. Akasema, mtoto anajitahidi sana."

"Baba, mngeniita tu. Mngesema rudi."

Milojko akaegemeza shoka ukutani. Alitafuta maneno kama anavyotafuta kisu, na kama kawaida yalikuwa mkononi.

"Ulikuwa hutaki nikuone umeshindwa," akasema. "Basi sikukuona."

Akaanza kuzipanga kuni mlangoni. Ognjen akainama kumsaidia, wakapanga hadi zilipokwisha. Kisha akamwomba waende pamoja nyumbani, angalau leo, ale mezani. Baba akamtazama kama amependekeza kuchoma moto kanisa.

"Umeshamwagiwa maji, wewe. Hurudi nyuma mpaka ufike." Akavaa kofia. "Saa kumi na mbili upige. Mama yako anasubiri mfereji wake, ameuzoea."

Akateremka mlima. Ognjen akamtazama mgongo hadi ukapotea kwenye mizabibu.

Saa kumi na mbili akatundika bango, akapiga simu. Alikaa kwenye pipa, na kwa mara ya kwanza akakisogeza kichwa pembeni, mtumbwi na mwanamume wake wa kofia pana wakaonekana wote.

Mama akautazama kitambo. "Leo Uholanzi kumependeza," akasema, akafunika mdomo kwa aproni, mabega yakaanza kumcheza. Kama alikuwa anacheka au analia Ognjen hakutaka kujua.

Halafu nusu ya uso wa baba ikatokea pembeni ya skrini.

"Joto lipo?"

Siku hiyo Ognjen hakuwa ametazama hali ya hewa ya Utrecht.

"Lipo, baba," akasema. "Kuni ni nzuri."

"Za mwaloni," akasema baba.